Kuku wa dakika tano

*Majokofu ya maduka ya Uingereza yamejaa vyakula vilivyopikwa tayari, vya kupasha moto tu. Mwandishi wetu amenunua kuku wa kukaangwa na mboga, akampasha, akamla, kisha akakaa na lebo yake.*

Na Mwandishi Wetu, London

Saa mbili usiku katika supamaketi moja ya Stratford, mashariki mwa London. Mbele ya majokofu marefu ya vyakula vya kupasha moto watu wamesimama bega kwa bega, wengi bado wana vitambulisho vya kazi shingoni. Yuko anayetoka zamu ya mchana hospitalini, na yuko anayekwenda kuanza ya usiku kwenye makazi ya wazee. Hakuna anayekawia. Mkono unachukua boksi, unaligeuza kutazama bei na tarehe, unalitia kikapuni.

Nyuma yangu mama mmoja anazungumza Kiswahili cha pwani kwa simu. Anamwambia mwanawe asihangaike kupika, yeye yuko njiani na chakula.

Dawati la makala lilinipa kazi moja: nunua chakula cha namna hii, kipashe kama lebo inavyoagiza, kile, kisha uwaambie wasomaji kama kinafaa. Nilichagua kuku wa kukaangwa na mboga kwa mtindo wa Kichina, pamoja na tambi. Nilimchagua kwa makusudi, kwa sababu kati ya vyakula vyote vilivyopangwa pale, huyu ndiye mwenye mtihani mgumu zaidi.

Chakula kisichopenda kusubiri

Viko vyakula vinavyonoga vikilala. Maharage ya jana, mchuzi wa nazi uliopashwa asubuhi, hata pilau la shughuli lililobaki chini ya sufuria, yote hayo wengi wetu tunayapenda kuliko yalipotoka jikoni mara ya kwanza. Vyakula vya sosi nzito vinastahimili kiwanda, gari la baridi na jokofu la duka bila kupoteza mengi.

Kuku wa kukaangwa kwa mtindo huu hastahimili. Upishi wake wote ni moto. Karai la Kichina, ambalo kwa umbo halitofautiani sana na karai tunalokaangia sambusa Mombasa na Unguja, huwekwa juu ya moto mkali hadi mafuta yaanze kutoa moshi. Kuku aliyekatwa vipande vyembamba huingia kwanza, mboga hufuata, sosi humiminwa mwisho. Dakika chache chakula kiko sahanini. Pilipili hoho bado inalia meno yanapoikata, na kingo za nyama zimeshika rangi ya hudhurungi.

Rangi hiyo ndiyo ladha yenyewe. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza mwaka 1912 jinsi protini na sukari zinavyokutana kwenye joto na kuzaa rangi na harufu mpya. Jambo hilo hutokea vizuri joto linapopita nyuzi 140 hivi. Maikrowevu hufanya kazi kwa kutikisa molekuli za maji ndani ya chakula, na maji yakichemka hayapandi zaidi ya nyuzi 100. Maikrowevu inachemsha. Kukaanga haiwezi.

> Maikrowevu inachemsha. Kukaanga haiwezi.

Maagizo ya boksi langu yalisema: toboa karatasi ya juu kwa uma, pasha dakika tatu, fungua ukoroge, pasha dakika mbili nyingine, acha itulie dakika moja. Nilifuata neno kwa neno. Mvuke wa kwanza ulikuwa mzuri kweli, tangawizi na kitunguu saumu vikitangulia, na jiko zima likanukia chakula. Nilipofungua kukoroga, sosi ilikuwa inachemka pembeni mwa trei huku katikati tambi zimeshikana na ni baridi. Ndiyo maana agizo la kukoroga limewekwa pale, na ndiyo maana halifai kurukwa.

Mdomoni mambo yaligawanyika. Kuku alikuwa laini, laini kupita kiasi, kila kipande sawa na mwenzake kana kwamba vimekatwa kwa rula, na uso wake ulikuwa unateleza. Utelezi huo unatokana na wanga wa mahindi. Mpishi wa Kichina naye hupaka nyama wanga ili isikauke, ila kwake moto mkali huja baadaye ukaugandisha. Pilipili hoho zilikuwa zimelegea. Karoti zilikuwa na afadhali. Mahindi machanga yalishinda yote, bado yana ukakamavu, na sosi ilikuwa na utamu mwingi mwanzoni na chumvi nyingi mwishoni.

Nilimaliza sahani. Nilikuwa na njaa, na hakikuwa chakula kibaya.

Boksi jingine nililipitisha kwenye kikaango chenye moto mkali, nikitumaini kuokoa mboga. Zilitoa maji yote kwa mara moja, kikaango kikapoa, na tambi zikaogelea. Mboga iliyokwisha kupikwa kiwandani haina tena cha kukaanga.

Safari ya miaka 80

Chakula cha namna hii hakikuanza jana. Marekani, mwaka 1945, Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon aliyekuwa akishughulika na mitambo ya rada, aliona peremende ya chokoleti mfukoni mwake imeyeyuka. Kutokana na hapo ikazaliwa Radarange, maikrowevu ya kwanza ya biashara, yenye urefu wa mtu mzima na uzito wa kilo zaidi ya 300. Ya kuweka juu ya meza jikoni ilikuja mwaka 1967, kwa chapa ya Amana.

Katikati ya hapo kampuni ya Swanson ilikuwa imewafundisha Wamarekani kula bata mzinga na viazi kwenye trei ya aluminiamu iliyogawanywa vyumba, mbele ya televisheni. Hizo ziliitwa chakula cha televisheni, na katika mwaka 1954 ziliuzwa kwa mamilioni. Zilikuwa za kugandisha na zilipashwa kwenye oveni.

Uingereza ilichukua njia yake. Miaka ya 1960 watu walikuwa wakinunua tambi za Kichina za Vesta, zilizokaushwa ndani ya boksi. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1979, Marks & Spencer ilipoanza kuuza kuku wa Kiev, aliyejazwa siagi na kitunguu saumu, akiwa amepozwa tu bila kugandishwa. Mnunuzi alilipa zaidi kwa sababu aliamini kilichopozwa kiko karibu na kilichopikwa nyumbani. Majokofu ya Stratford ni watoto wa uamuzi ule.

Wanaovila nao wamebadilika. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuajiri wauguzi wa Kenya huko. Februari 2022 Uingereza ikafungua viza kwa wahudumu wa wazee na wagonjwa majumbani, mlango uliofungwa kwa waombaji wapya kutoka nje Julai 2025. Kati ya kufunguliwa na kufungwa kwa mlango huo Waafrika wengi waliingia kwenye zamu za saa 12, katika miji ambayo duka la mwisho linafungwa kabla zamu haijaisha. Kwao chakula cha kupasha ni sehemu ya ratiba ya kazi.

Gramu 80

Sasa lebo. Hapa nawaomba wasomaji wakae nami kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu kesi nzima iko hapa.

Ukila kwa mama lishe Kariakoo au kwenye kibanda Gikomba, nawe unakula chakula ulichopikiwa na mtu mwingine. Lakini unaiona sufuria. Unamwona anavyotia chumvi, unaona ukubwa wa finyango, na ukipunjwa unasema hapohapo. Mbele ya boksi huna hata kimoja cha hivyo. Unachobaki nacho ni maandishi, na mengi yamechapishwa kwa herufi ndogo kuliko za gazeti hili.

Sheria ya Uingereza inataka viambato vipangwe kwa uzito, kizito kikitangulia. Inataka pia kiambato kilichotajwa kwenye jina la chakula kiandikiwe asilimia yake. Boksi langu la gramu 400 lilikuwa na picha ya kuku amelundikana juu ya mboga. Nyuma, orodha ilianza na tambi zilizopikwa, na kuku alifuata kwa asilimia 20. Hiyo ni gramu 80, kiasi kinachotosha kiganjani. Hakuna uongo uliosemwa, kwa kuwa asilimia imeandikwa. Ila picha iko mbele na asilimia iko nyuma, na mtu aliyesimama miguu ikimuuma saa mbili usiku hageuzi boksi kupiga hesabu.

> Picha iko mbele, asilimia iko nyuma.

Chumvi nayo ina hesabu yake. Kila gramu 100 ilikuwa na chumvi gramu 0.6, ambayo kwa mfumo wa rangi za taa za barabarani unaotumika Uingereza tangu 2013 ni njano. Lakini mtu hali robo boksi. Akila lote amekula gramu 2.4. Kanuni za mfumo huo zinasema mlo ukipita gramu 1.8 kwa sahani moja rangi iwe nyekundu, na kweli boksi lilikuwa na nyekundu kwenye chumvi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, na serikali ya Uingereza inaweka kikomo cha gramu 6. Sahani moja, karibu nusu ya siku nzima kwa kipimo cha WHO.

Mfumo huo wa rangi ni wa hiari. Kampuni isiyotaka haiweki.

Kwa msomaji Mwislamu kuna swali linalotangulia hata chumvi. Kuku wa maboksi ya kawaida si lazima awe wa halali, na sosi za Kichina mara nyingi hutiwa mvinyo wa mchele. Boksi moja nililoshika lilikuwa na neno hilo mstari wa tano wa orodha, katikati ya siki na mafuta ya ufuta. Maduka mengi ya London yana sehemu ya halali, na chaguo lake la kuku wa Kichina ni dogo. Huko ndiko kusoma lebo kunakokuwa jambo la imani, na herufi ndogo zinazidi kuwa dhuluma.

Kwa nini watu wadai maandishi wanayoweza kuyaamini? Kwa sababu imani hiyo imewahi kuvunjwa. Januari 2013 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ireland ilitangaza kwamba baga zilizouzwa kama za ng'ombe zilikuwa na nyama ya farasi. Mwezi uliofuata, Uingereza, ikabainika kwamba baadhi ya lazanya za Findus zilizoandikwa nyama ya ng'ombe zilikuwa za farasi mtupu. Nyama ilikuwa imepita nchi kadhaa na mikono ya madalali wengi kabla ya kufika kwenye trei. Aliyekula hakuwa na namna ya kujua.

Wanaolaumu na wanaotetea

Lawama nzito kuliko zote imetoka Brazil. Mwaka 2009 Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo alipendekeza vyakula vipangwe kwa kiwango cha kusindikwa, si kwa mafuta na sukari pekee. Kundi la nne katika mpango wake ni vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, vyenye viambato ambavyo hakuna jiko la nyumbani linalovitumia. Kuku wangu alikuwa na wanga wa mahindi uliobadilishwa na vionjo vya kiwandani, kwa hiyo anaingia humo. Si maboksi yote yanayoingia: yapo yenye orodha ambayo kila kitu kilichomo ungekikuta sokoni.

Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani waliwaweka watu 20 hospitalini kwa mwezi. Wiki mbili walikula vyakula vya kundi hilo, wiki mbili vyakula visivyosindikwa sana, wakiruhusiwa kula watakavyo. Walipokula vya kiwandani walizidisha kalori 500 hivi kwa siku na wakaongezeka karibu kilo moja. Walipobadilishiwa walipungua kiasi hichohicho.

Wanaotetea wana la kusema, nami nalichukua kwa uzito. Agosti 2025 watafiti wa University College London walichapisha jaribio la watu 55 waliokula kila aina kwa wiki nane, lakini safari hii vyakula vyote viwili vilifuata mwongozo wa serikali wa mlo bora. Washiriki walipungua uzito kwa vyote viwili, ingawa kwa visivyosindikwa sana walipungua takriban mara mbili. Maana yake ni kwamba boksi na boksi hayalingani, na anayechagua vizuri hayuko pabaya kama inavyodhaniwa.

Halafu kuna muda. Vizazi na vizazi, gharama ya chakula cha nyumbani imelipwa na mwanamke aliyesimama jikoni bila ujira. Mama muuguzi aliyesimama wodini saa 12 akirudi na trei, hajaitelekeza familia. Ameiletea kile ambacho siku yake imembakizia. Nasikitika sana ninaposikia watu wa nyumbani wakiwacheka ndugu zao wa Ulaya kwamba wanakula vya boksi. Lawama ipelekwe kwa aliyeweka gramu 80 za kuku chini ya picha ya kuku aliyelundikana.

Baridi ikikatika

Afrika Mashariki nayo inaingia kwenye chakula cha boksi polepole. Supamaketi za Nairobi na Dar es Salaam zina sehemu za vyakula vilivyopikwa na majokofu ya vyakula vya kugandisha yanayoongezeka, na maikrowevu si kitu cha ajabu tena. Watu wanafanya kazi mbali, foleni ni ndefu. Biashara hii itakuja, na sidhani ni busara kuizuia.

Kitakachoamua usalama wake ni umeme. Chakula kilichopozwa kinategemea baridi isiyokatika kutoka kiwandani hadi nyumbani, chini ya nyuzi 5. Bakteria wa listeria hana tabia ya wenzake: huendelea kuzaana hata ndani ya friji, polepole, na huwashambulia zaidi wajawazito, watoto wachanga na wazee. Afrika Kusini ilijifunza hilo kwa msiba. Kati ya 2017 na 2018 watu 1,060 waliugua na zaidi ya 200 wakafa, chanzo kikiwa nyama ya poloni kutoka kiwanda kimoja cha Polokwane. Poloni huliwa bila kupashwa. Chakula cha kupasha kina ulinzi mmoja wa ziada, nao ni moto wenyewe: Uingereza inashauri katikati ya chakula ifike nyuzi 70 na ibaki hapo dakika mbili. Anayeruka dakika za mwisho kwa haraka anautupa ulinzi huo.

Umeme ukikatika dukani kwa muda wa saa sita na kurudi, nani anayatoa maboksi yale kwenye jokofu? Shirika la Viwango Tanzania, lililokabidhiwa usimamizi wa chakula mwaka 2019, na mwenzake wa Kenya, KEBS, wana nafasi ya kuandika jibu la swali hilo sasa, kabla majokofu hayajajaa. Waandike pia kwamba asilimia ya nyama ikae mbele ya boksi, kwa herufi kubwa kama za jina, kwa Kiswahili.

> Asilimia ya nyama ikae mbele ya boksi, kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili.

Mboga za nani?

Boksi langu liliandikwa kwamba kuku ametoka Thailand. Hilo lina historia yake: mafua ya ndege yalipoipiga Thailand mwaka 2004, Ulaya ilifunga mlango kwa kuku wake mbichi hadi 2012, lakini aliyekwisha kupikwa aliendelea kuruhusiwa. Viwanda vya huko vikajifunza kupika kwa ajili ya maboksi ya wengine.

Mboga hazikuandikiwa nchi. Sheria haidai. Hatua chache tu kutoka majokofu yale ya Stratford, kwenye rafu ya mboga mbichi, pakiti za maharagwe machanga, njegere za maganda na mahindi machanga zimeandikwa wazi: Kenya. Zimelimwa Kirinyaga, Naivasha au Timau, zikachambuliwa kwa mikono, nyingi zikapanda ndege usiku kwenye uwanja wa Jomo Kenyatta. Wakulima hao wanajua ukali wa soko hili. Aprili 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalipozuia ndege, mboga zao zilioza au zikalishwa mifugo. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ukaongeza ukaguzi wa maharagwe na njegere zao kwa sababu ya mabaki ya dawa za wadudu, na wakulima wadogo wengi wakashindwa kumudu masharti mapya.

Basi ushauri wangu kwa aliye London na boksi mkononi ni huu. Tafuta lenye kuku asilimia 25 au zaidi na chumvi chini ya gramu 1.8 kwa boksi zima. Ongeza pakiti moja ya maharagwe ya Kenya. Pasha boksi kwenye maikrowevu hadi katikati pawe pa moto sana, koroga kama ulivyoagizwa. Wakati huohuo weka karai motoni, subiri mafuta yatoe moshi, tia maharagwe na tangawizi mbichi, yageuze dakika mbili hadi yapate madoa meusi, kisha yamwage juu ya sahani. Usiongeze chumvi.